Vyama vya leba: kwanini vingine vinadumu na vingine vinayeyuka, nilivyoona nikiwa katibu wa tawi

Mtoa mada umeuliza mambo mawili, kama vyama vya leba, yaani vyama vya siasa vya wafanyakazi, na vile vya demokrasia ya kijamii ni kitu kimoja, na kwanini vingine vinashika nchi miaka na miaka halafu vingine vinayeyuka. Mimi nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi muda mrefu na tawi letu lilikuwa linachangia chama cha siasa, kwahiyo nitajibu kutokea huko kwenye makato ya mshahara, maana naona wengi wanachambua ilani tu.

Swali la kwanza halina mambo mengi, ni ukoo mmoja ila kila mmoja kazaliwa kivyake. Uingereza vyama vya wafanyakazi ndio vilizaa chama cha siasa, 1900 wakaunda kamati ya kupeleka watu wao bungeni, mwaka uliofuata ikaja hukumu ya kesi ya Taff Vale kwamba kampuni ya reli inaweza kukidai chama cha wafanyakazi fidia ya hasara ya mgomo, hapo hata viongozi waliokuwa wanasitasita wakaona bila watu wao bungeni wamekwisha. 1906 wakapata wabunge 29 na ndio mwaka walipoanza kujiita Labour. Ujerumani ni kinyume, chama kilitangulia, mwanasiasa mjamaa Lassalle alianzisha cha kwake mjini Leipzig 1863, vyama vya wafanyakazi vikaja kupata nguvu baadaye. Australia migomo mikubwa ya 1890 na 1891 ilivunjwa, wakata manyoya ya kondoo na wa bandarini wakahamia kwenye kura, na 1904 Chris Watson akawa waziri mkuu wa kwanza duniani kutoka chama cha leba japo hakumaliza hata miezi sita.

Sasa hilo la pili ndio lenye nyama. Msimamo wangu ni kwamba chama cha namna hii kinaishi au kinakufa kulingana na kamba kati yake na mfanyakazi anayekatwa mchango. Na wapinzani wake wanalijua hilo kuliko sisi! Angalia Uingereza, sheria ya 1913 ilisema chama cha wafanyakazi kinaweza kuwa na mfuko wa siasa na asiyetaka kuchangia ajaze fomu ya kujitoa. Baada ya mgomo mkuu wa 1926 serikali ya wahafidhina ikaja na sheria ya 1927 ikageuza kibao, anayetaka kuchangia ndio ajaze fomu. Hicho tu, nani ajaze karatasi, na mapato ya Labour yakaanguka vibaya. 1946 Attlee wa Labour alipokuwa waziri mkuu wakaifuta.

Hii nimeiona kwa macho. Kwenye mkutano mmoja wa tawi mama mmoja wa zamu ya usiku alisimama na slip yake ya mshahara, kidole kwenye mstari wa makato, akauliza huyu mbunge tunayemlipia mara ya mwisho alikanyaga hapa lini. Ukumbi ukatulia. Mwenyekiti akaanza habari za mshikamano, mama akamkata, akasema mimi sijauliza mshikamano nimeuliza tarehe. Tukaandika barua, mbunge akaja, akakaa akasikiliza mambo ya vibarua wanaosainishwa mkataba mpya kila baada ya muda mfupi ili wasipate kiinua mgongo, na kwa muda ikawa desturi, kabla ya muswada wowote wa kazi anatuma mtu kwetu. Halafu chama kikaanza kupata ruzuku ya serikali na wafadhili wakubwa, michango yetu ikawa hela ndogo, na wale watu wakaacha kuja. Hakuna aliyetufukuza wala kutugombeza, simu tu zikawa hazipokelewi. Iliniuma na bado inaniuma.

Ndio maana nikisoma habari za Sweden naelewa haraka. Chama cha demokrasia ya kijamii cha huko kilitawala 1932 hadi 1976, ukiacha kipindi kifupi 1936. Watu wanasifia huduma za jamii, sawa, ila chini yake kulikuwa na LO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na matawi yalikuwa yanasajili wanachama wake kwa mkupuo kwenye chama cha siasa. Huo usajili wa mkupuo uliisha 1990 na chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya milioni 1 kikabaki na laki chache. Kuna wanaosema uhuru wa mtu binafsi ulidai hivyo na hoja yao nzito, kumsajili mtu bila kumuuliza sio haki, lakini hawakuweka kitu kingine cha kumfunga mfanyakazi na chama.

Ujerumani ndio inasikitisha zaidi. 2003 kansela Schröder wa chama cha SPD, cha demokrasia ya kijamii, akaleta mpango wa mageuzi ulioitwa Agenda 2010, mfanyakazi mwenye umri mkubwa aliyekuwa anaweza kulipwa mafao ya kukosa kazi mpaka miezi 32 akashushwa mpaka 18. Mtu kachangia maisha yake yote! Wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi wakajitoa, wengine wakaishia Die Linke, chama kipya cha mrengo wa kushoto, 2007. SPD ilikuwa na 40.9% mwaka 1998, 2025 imepata 16.4%. Najua viwanda vimepungua na kazi zimebadilika, sikatai, ila PASOK, chama cha namna hiyo hiyo cha Ugiriki, ilitoka 43.9% mwaka 2009 mpaka chini ya 5% Januari 2015, na viwanda havifi kwa spidi ile, pale watu walikatwa mishahara na pensheni na chama chao wenyewe wakaondoka.

Na kiongozi kutoka chama cha wafanyakazi peke yake sio dawa. Zambia Chiluba alikuwa mwenyekiti wa shirikisho lao la vyama vya wafanyakazi, akashinda urais 1991, halafu serikali yake ndio ikabinafsisha mashirika ya umma na watu kibao wakapoteza kazi.

Kwahiyo mtoa mada, kama kuna chama unakifikiria, ilani iweke pembeni kwanza. Omba hesabu zao uone mchango wa wanachama ni sehemu gani ya mapato, halafu uliza tawi la wafanyakazi lina kura ngapi siku ya kuchagua mgombea. Ukizungushwa kwenye hayo mawili usichukue kadi.