Maswali yenu: kitovu, rada na ujumbe wa saa tatu usiku

Julai 2007 tetemeko lilitutoa mbio maghorofani Nairobi, kisha tukaambiwa kitovu chake, yaani mahali palipo juu ya chanzo chake, kiko karibu na Ziwa Natron, Tanzania. Walijuaje?

Kwa kuhesabu sekunde. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayoondoka pamoja lakini hayafiki pamoja. Wimbi la kwanza lina mbio, ndilo linalogonganisha vikombe kabatini. La pili hujikokota, likifika jengo linayumba. Zidisha sekunde zilizo kati yake kwa 8, utapata kilomita za kukadiria. Kutoka mlima Gelai, ulio karibu na Natron, hadi Nairobi ni kama kilomita 180, yaani sekunde 22 hivi. Kituo kimoja cha kupima matetemeko hukupa umbali tu, si upande. Vituo vitatu vikichora kila kimoja duara la umbali wake, kitovu ni pale duara hizo zinapokutana.

Satelaiti iko mamia ya kilomita juu. Inaonaje ardhi iliyosogea upana wa vidole viwili?

Kwa rada, kwa hiyo usiku na mawingu si kitu. Hupiga picha eneo lilelile kabla na baada ya tetemeko, wataalamu wakazilinganisha. Wimbi la rada ya Envisat, mojawapo ya satelaiti zilizopita Natron mwaka ule, lilikuwa na urefu wa sentimita 5.6. Kwa kuwa huenda na kurudi, kila mkanda wa rangi kwenye picha ni ardhi iliyosogea sentimita 2.8 kuikaribia satelaiti au kuikimbia. Mikanda kumi, sentimita 28. Picha ya Gelai nilipoiona mara ya kwanza nilidhani kitenge! Kumbe ilikuwa imemnasa mchokozi: magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyojipenyeza ufani chini ya mlima na kuisukuma ardhi kando, bila kutoka nje pale. Ila Envisat ilirudi kila baada ya siku 35. Saa na dakika ya tetemeko utaiuliza sismomita, chombo cha ardhini kinachoandika mitikisiko.

Tetemeko la Bukoba, Septemba 2016, lilikuwa la ukubwa wa 5.9, sawa na lile kubwa zaidi la Gelai. Mbona picha yake haivumi?

Sababu ni kina. Lilianzia kama kilomita 40 chini. Mtikisiko ulifika juu ukaua watu na kubomoa nyumba, lakini msogeo wenyewe wa ardhi hufifia njiani.

Niko Goma. Nimetumiwa ujumbe kwamba tetemeko litapiga saa tatu usiku leo. Nilale nje?

Lala ndani, na usiusambaze. Hakuna mtaalamu anayeweza kutaja saa. Amri ya Mei 2021 ya kuhamisha sehemu ya mji wenu ilikuwa jambo jingine: magma ilikuwa imeingia chini ya Goma, na vipimo viliiona.