Kabla hujaenda kufanya kazi Bahari ya Kaskazini

Vijana wanaosomea ufundi wa gesi, hasa wa Lindi na Mtwara, huniuliza sana namna ya kupata kazi kwenye majukwaa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskoti au Norwei. Wanataka kujua vyeti na mshahara. Nimefanya kazi huko kama fundi mitambo, tukipanda helikopta Aberdeen, mji wa pwani ya Uskoti, na ningependa kwanza kuwaambia jambo ambalo hawaniulizi: mkiona jambo hamlielewi, semeni.

Someni habari za Piper Alpha kabla hamjafika. Lilikuwa jukwaa la mafuta na gesi, kama kilomita 190 kutoka Aberdeen. Tarehe 6 Julai 1988 mafundi wa mchana waling'oa valvu ya usalama ya pampu moja ili waifanyie matengenezo. Kazi haikuisha, wakaziba bomba kwa kifuniko cha chuma ambacho hakikukazwa barabara. Karatasi ya kazi hiyo ilikuwapo, ila wa zamu ya usiku hawakuiona. Saa nne kasoro robo usiku pampu ya pili ikazima, ikagoma kuwaka, na bila pampu umeme wa jukwaa ungekatika. Wakaiwasha ile ya kwanza. Gesi ikavuja, ikalipuka. Majukwaa jirani ya Tartan na Claymore, yaliyounganishwa nalo kwa mabomba, yaliendelea kusukuma mafuta huku watu wakiuona moto kwa macho. Wengi walikusanyika kwenye jengo la malazi kungoja helikopta, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Helikopta hazikuweza kutua, na moshi ukawamalizia humo humo. Walikufa watu 167. Waliopona, 61, wengi wao waliruka au kuteremka wenyewe baharini.

Tume ya Jaji Cullen ilitoa ripoti mwaka 1990 ikiwa na mapendekezo 106, na yote yalikubaliwa. Utaratibu mkali wa vibali vya kazi na makabidhiano ya zamu mtakaoukuta huko umejengwa juu ya vifo vile.

Sasa, sisi tumelelewa kutobishana na mkubwa. Unamwamkia, unamsikiliza, akisema imekwisha basi imekwisha. Malezi hayo nayapenda, na wanangu nawalea hivyo hivyo. Lakini jukwaani mkubwa wako amekesha saa kumi na mbili kwenye kelele na baridi, na anaweza kusahau kama mtu mwingine yeyote. Kumuuliza ni kumsaidia. Kila mtu kule, hata mpishi, ana haki ya kusimamisha kazi akiona hatari.

Jioni moja fundi Mskoti, mtu wa umri wa baba yangu, alinikabidhi zamu akaniambia valvu fulani imefungwa. Nikamwomba twende tukaione. Alikuwa ameshavua glavu. Akazivaa tena, tukapanda ngazi upepo ukitupiga ubavuni, nikashika kufuli kwa mkono wangu na kusoma namba ya kibandiko chake mpaka nikaona inalingana na ya kwenye karatasi. Hakukasirika hata kidogo. Jioni iliyofuata nilimkuta ananingoja mlangoni, glavu mkononi, tuzunguke pamoja.

Msiogope Kiingereza chenu. Lafudhi ya Aberdeen kwenye redio ya mkononi inawasumbua hata Waingereza. Mwambie arudie, kisha wewe rudia ulichosikia mpaka akubali. Maneno ya kukuokoa ni machache: sijaelewa, nionyeshe, tusimame kwanza.

Kuhusu vyeti, cha kwanza ni mafunzo ya usalama yanayoitwa BOSIET. Ni ya siku tatu, na cheti chake hudumu miaka minne. Sehemu wanayoihofia watu wengi ni kibanda cha mfano wa helikopta kinachozamishwa bwawani na kupinduliwa nanyi mkiwa ndani. Shika fremu ya dirisha kwa mkono mmoja, ngoja kibanda kitulie, ndipo ufungue mkanda. Ukiufungua mapema, maji yatakupeperusha na hutajua juu ni wapi. Nendeni mkazoee maji mapema, hata kama ni kwenye bwawa la kulipia.

Fahamuni pia kwamba mafuta ya upande wa Uingereza yalifikia kilele mwaka 1999, na siku hizi kazi za kubomoa majukwaa ya zamani zinaongezeka kule. Norwei bado inachimba kwa nguvu. Eneo lake la mafuta liitwalo Johan Sverdrup lilianza kutoa mafuta mwaka 2019 tu.

Halafu kuna matapeli, na wamewaliza vijana wetu wengi. Barua yenye nembo nzuri, mshahara mnono, hakuna usaili, kisha unaombwa utume hela ya viza au ya mafunzo. Sheria ya Uingereza inakataza wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi. Tafuta wewe mwenyewe tovuti ya kampuni iliyotajwa, wapigie kwa namba iliyo pale, uwaulize kama nafasi hiyo ipo. Kabla ya hapo usitume hata shilingi, wala nakala ya pasipoti.