Maswali ya Wasomaji: Mluzi wa Injini Ndani ya Spika

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimefungiwa amplifaya ya njia nne kwenye buti ya Toyota Corolla, na injini ikiwa imezimwa muziki ni safi kabisa. Nikiiwasha, spika hutoa mluzi mwembamba unaopanda kila ninapokanyaga mafuta, hata nikipunguza sauti ya redio hadi mwisho. Aliyeifunga ananishauri ninunue kichujio cha kelele. Je, hiyo ndiyo dawa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usinunue chochote kwanza. Mluzi unaofuata mwendo wa injini asili yake ni alteneta, ambayo huzalisha umeme wa mkondo geu na kuunyoosha kwa diodi kabla ya kuupeleka kwenye betri. Unyooshaji huo haukamiliki. Juu ya zile volti 14 hivi hubaki mawimbi madogo, ambayo kasi yake huongezeka kadiri injini inavyozunguka. Mawimbi hayo yamo katika kila gari, hata lile ambalo muziki wake hauna doa, kwa hiyo cha kutafuta ni njia ambayo yameitumia kuingia kwenye muziki wako.

Mara nyingi njia hiyo ni eathi, yaani waya wa hasi wa kifaa unaofungwa kwenye bati la gari ili umeme urudi kwenye betri. Redio yako imefungwa eathi nyuma ya dashibodi na amplifaya imefungwa yake kwenye buti, na bati lililo kati ya sehemu hizo mbili hurudisha mkondo wa taa, feni, pampu ya mafuta na karibu kila kitu kingine kinachotumia umeme. Volti ya huku na ya kule hazilingani sawasawa. Tofauti hiyo, ingawa ni ndogo mno, husukuma mkondo kupitia ganda la nje la nyaya za RCA, zile zinazopeleka muziki kutoka redio hadi amplifaya, na amplifaya huukuza pamoja na muziki kwa kuwa haina namna ya kuvitenganisha.

Kabla ya kufungua bolti yoyote, tafuta upande wenye kosa. Zima mfumo, chomoa RCA kwenye amplifaya, kisha washa injini. Mluzi ukiendelea, kosa liko kwenye umeme au eathi ya amplifaya yenyewe, au nyaya za spika zimegusa bati mahali fulani. Ukinyamaza, zima tena mfumo, unganisha simu yako moja kwa moja kwenye amplifaya, uwashe na ucheze muziki. Simu isiwe kwenye chaji, kwa sababu inapotumia betri yake haina uhusiano wowote na bati la gari. Muziki wa simu ukiwa safi, kelele inapitia kwenye redio au nyaya zake. Hapo rudisha RCA na uchomoe antena nyuma ya redio, kwa maana ganda la waya wa antena nalo limefungwa kwenye bodi na huweza kuwa njia nyingine ya mkondo. Angalia pia kama RCA zimelazwa pamoja na waya mwekundu mnene unaotoka kwenye betri. Zihamishie upande wa pili wa gari.

Kuhusu eathi, mafundi wengi huipima kwa kipimo cha omu, wakaona karibu na sifuri, wakaridhika. Kipimo hicho hakitoshi. Nyaya za mita ya kawaida peke yake zina ukinzani wa sehemu ya omu, ilhali kiungo chenye omu 0.01 tu, kikipitisha ampea 50, hupoteza nusu volti. Pima volti: ncha moja kwenye tundu la eathi la amplifaya, nyingine kwenye hasi ya betri, muziki ukiwa juu. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo eathi ilivyo njema. Ikikaribia nusu volti, ifungue. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, tumia waya wenye unene uleule wa waya mwekundu, na usizidi nusu mita. Usiifunge eathi kwenye bolti ya mkanda wa kiti; iache ilivyo. Kazi yake ni kushikilia uhai wa abiria.

Kichujio ninakikubali pale tu njia zote hizo zimeshindikana. Kile kinachofungwa kwenye RCA ni transfoma ndogo inayokata mzunguko wa eathi, na zile za bei nafuu hula besi, yaani kile kile ulichonunulia amplifaya.

SWALI: Redio yangu ilikuwa haina kelele. Fundi alichomoa na kuchomeka RCA huku muziki ukiwa umewashwa, na tangu hapo kuna mluzi mkali. – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndani ya baadhi ya redio, ganda la RCA huunganishwa na eathi kwa njia nyembamba sana kwenye saketi, nayo huungua kirahisi katika mazingira kama hayo. Ili kuhakikisha, gusisha kipande cha waya kati ya ganda la RCA na bodi ya chuma ya redio. Kelele ikikatika papo hapo, njia hiyo imekatika. Mpe fundi wa redio aiunganishe upya.

SWALI: Kwenye matatu yetu spika hupiga kishindo kila tunapozima gari. Je, ni eathi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Sidhani. Huenda ule waya mwembamba wa kuiamuru amplifaya iwake umefungwa kwenye swichi ya ufunguo, hivyo amplifaya inabaki hai kitambo kidogo wakati redio inakufa, na mshtuko wa redio unatokea kwenye spika. Uhamishie kwenye waya wa redio ulio wa buluu wenye mstari mweupe.