Gauni la mama lilipoanza kuburuza

Tulimlaumu fundi. Gauni la kitenge alilomshonea mama likimfika kwenye vifundo sasa lilikuwa linaburuza chini, na fundi wa watu akalipinda pindo bila kubisha. Kumbe gauni halikurefuka, mama ndiye alikuwa anafupika.

Mama ana baridi yabisi, na kwa miaka 6 alimeza prednisoloni kila siku. Dawa ile ilimrudishia vidole, akaweza tena kukuna nazi mwenyewe, kwa hiyo sitaitukana. Ila hakuna aliyetuambia kwamba inakula mifupa. Siku moja akainua ndoo ya maji, wala si kubwa, ya lita 10, akasikia "ka!" mgongoni. Eksirei ikaonyesha pingili mbili zimebonyea, moja ya siku nyingi ambayo hakuwahi hata kuilalamikia.

Ndipo akapimwa uimara wa mifupa. Kipimo chenyewe hakina makuu: unalala dakika chache, mashine inapita juu ya kiuno na nyonga, basi. Majibu ni namba. Kuanzia -1 kwenda juu uko salama, ikifika -2.5 au chini yake ni osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu. Mama alipata -3.2.

Majirani wakasema "mifupa imesagika". Hapana, kusagika ni kwa viungo, na kunauma. Huku mfupa unapungua kimyakimya mpaka uvunjike. Duniani, katika wanawake watatu waliopita miaka 50, mmoja atavunjika mfupa kwa ugonjwa huu. Kwa wanaume ni mmoja kati ya watano. Hapo bado hujaongeza prednisoloni.

Kama unaimeza, na itapita miezi 3, muulize daktari habari za mifupa leo hii, maana hupungua kwa kasi zaidi miezi ile ya mwanzo. Lakini usije ukaiacha ghafla kwa woga! Mwili ulioizoea unaweza kukuzimikia. Ipunguzwe na daktari, kidogo kidogo.

Nyumbani tumetoa zulia linaloteleza, dagaa tunakula na miiba yake, ndoo nabeba mimi. Mama anameza alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, mara moja kwa wiki, Jumapili alfajiri, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha nusu saa hali kitu, dawa ipate kuingia mwilini, wala halali, kidonge kisije kikamuunguza koo. Hiyo nusu saa ndiyo inayomkera. Jumapili iliyopita nilimkuta kaketi wima, macho kwenye saa ya ukutani, kikombe kitupu cha chai kiko tayari mkononi.