Logi ni kipeo: mahali wanaoanza wanapokwama

Kabla hujakariri kanuni yoyote ya logi, zoea kuisoma kama swali. Ukikutana na log₂ 8, jiulize: 2 ipewe kipeo gani ndipo tupate 8? Ni 3, kwa kuwa 2 × 2 × 2 = 8. Hapo 2 ndiyo kizio na 3 ndiyo logi. Kwa hiyo logi ni kipeo, na ukilishika hilo utaweza kuzijenga kanuni upya hata ukizisahau katikati ya mtihani. Kizio kisipoandikwa, katika hesabu za sekondari huwa ni 10: log 1000 = 3, log 10 = 1, log 1 = 0.

Chukua kuzidisha. 10² × 10³ = 10⁵: namba zinazidishwa, vipeo vinajumlishwa. Ndiyo maana log (A × B) = log A + log B. Hakiki: log 2 = 0.3010 na log 3 = 0.4771, jumla yake ni 0.7781, ambayo ni takriban log 6. Wengi huigeuza kanuni hii wakaandika log (2 + 3) = log 2 + log 3. Si kweli, maana log 5 ni 0.6990. Logi ya jumla haivunjwi. Jumlisha kwanza ndani ya mabano, ndipo utafute logi.

Penye kugawanya ndipo alama nyingi hupotea. log (8 ÷ 2) ni log 8 − log 2, yaani log 4, ambayo ni 0.6021. Lakini log 8 ÷ log 2 ni 0.9031 ÷ 0.3010, na jibu ni 3. Wapo pia wanaokata neno "log" juu na chini wakabaki na 4. Haikatiki, kwa sababu "log" peke yake si namba.

Ona tofauti hiyo kwenye 2ˣ = 7. Kadiria kwanza: 2² = 4 na 2³ = 8, basi x iko chini kidogo ya 3. Weka logi pande zote, na kipeo x kishuke mbele ya logi kuizidisha: x log 2 = log 7, hivyo x = 0.8451 ÷ 0.3010, takriban 2.81. Aliyetoa badala ya kugawanya hupata 0.5441, na kadirio lingemshtua mara moja. Kwa njia hiyohiyo, akiba inayokua kwa asilimia 8 kila mwaka, faida ikibaki humo, huongezeka maradufu pale 1.08ˣ = 2, yaani baada ya log 2 ÷ log 1.08, kama miaka 9.

Wanaotumia majedwali ya logi wana mtego mwingine: namba zilizo kati ya 0 na 1. log 0.002 huandikwa 3 yenye mstari juu, kisha .3010. Mstari ule unahusu 3 tu. Maana yake ni −3 + 0.3010, yaani −2.6990, na kikokotoo huonyesha hiyo ya mwisho. Ukitafuta kipeuo cha pili cha 0.002 lazima ugawe logi yake kwa 2, na −3 haigawanyiki sawasawa. Iandike −4 + 1.3010, gawa, upate −2 + 0.6505. Jibu ni 0.0447. Anayegawa 3.3010 bila kujali mstari hupata namba inayozidi 40.

Kwenye milinganyo, usimalize kabla ya kurudisha majibu mwanzoni. log x + log (x − 3) = 1 hutoa x² − 3x = 10, na x ni 5 au −2. Tupa −2: hakuna kipeo cha 10 kinachozaa namba hasi, wala sifuri.

Kwenye ukosefu wa usawa kama 0.5ⁿ < 0.01, kumbuka log 0.5 ni hasi. Ukigawa kwayo, alama inageuka: n > 6.64, hivyo n ndogo kabisa iliyo namba nzima ni 7.

Kwenye kompyuta, angalia kizio. Katika Excel, LOG(100) ni 2. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, math.log(100) ni takriban 4.605, kwa sababu kizio chake ni namba iitwayo e, karibu 2.718. Ukitaka kizio cha 10, andika math.log10(100).