Huduma ya Tovuti Ikianguka Usiku: Hesabu Inayofanya Iamke Yenyewe

Wasimamizi wengi wa seva ninaofanya kazi nao hapa Nairobi huandika `Restart=always`, yaani agizo la kuiwasha tena huduma kila inapozimika yenyewe, katika faili ya huduma, kisha wakaondoka wakiamini kwamba kazi imekwisha. Mstari huo unahitajika, lakini peke yake hautoshi. Systemd, ambayo ndiyo inayosimamia huduma katika Ubuntu, Debian na mifumo mingine mingi ya Linux, huufuata pamoja na nambari mbili tatu ambazo usipoziandika hubaki na viwango vilivyowekwa tangu mwanzo, na viwango hivyo haviifai huduma inayotegemea hifadhidata.

Usipoandika chochote, `RestartSec` ni milisekunde 100, maana yake systemd husubiri sehemu ya kumi tu ya sekunde kabla ya kuiwasha tena huduma iliyoanguka. Papo hapo kuna kikomo: huduma ikishawashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, haiwashwi tena, bali hutangazwa kuwa imeshindwa, na katika kumbukumbu za mfumo utakuta maneno `Start request repeated too quickly`. Chukulia sasa programu ya kampuni ya mabasi ya River Road inayouza tiketi mtandaoni, na hifadhidata yake imezimwa kwa nusu dakika ili iboreshwe. Programu inajaribu kuunganishwa, inakosa, inakufa, inawashwa, inakufa tena, na nafasi zote tano zinakwisha kabla hifadhidata haijaamka. Hifadhidata inaporudi, hakuna tena wa kuiwasha programu. Abiria analipa kwa M-Pesa, taarifa ya malipo inatumwa kwenye seva na kukosa wa kuipokea, na mtu wa ofisi anaamshwa saa nane usiku kwa tatizo lililokuwa limejitatua lenyewe.

Wengine husikia hayo wakaweka `RestartSec=5` bila kugusa kikomo. Hapo hesabu inageuka upande wa pili: majaribio matano yaliyoachana kwa sekunde 5 hayawezi kuingia ndani ya sekunde 10, kwa hiyo kikomo hakifikiwi kamwe na huduma itawashwa bila mwisho. Kwa hifadhidata iliyochelewa hilo ni jambo jema. Kwa faili ya usanidi yenye kosa la herufi moja ni balaa, kwa kuwa huduma itaanguka na kuamka usiku kucha ikijaza diski kwa ujumbe uleule, na hakuna atakayepewa taarifa, maana machoni pa systemd bado haijashindwa.

Kwa hiyo nambari hizi sharti zipangwe pamoja. Kwa huduma za aina hii mimi huanza hivi, ambapo `StartLimitBurst` ni idadi ya majaribio yanayoruhusiwa na `StartLimitIntervalSec` ni sekunde ambazo yanahesabiwa ndani yake:

```
[Unit]
StartLimitIntervalSec=300
StartLimitBurst=20

[Service]
Restart=always
RestartSec=5
```

Huduma inayokufa mara tu inapowashwa itapewa nafasi 20 katika muda wa takriban dakika moja na nusu, ambao unatosha hifadhidata nyingi kurejea, kisha itasimamishwa. Ikisimamishwa, `OnFailure=` katika sehemu ya `[Unit]` inaweza kuita huduma nyingine ndogo inayotuma ujumbe kwa mhusika. Angalia vilevile mahali pa kila mstari: `StartLimitIntervalSec` ikiandikwa chini ya `[Service]` itapuuzwa, na utakachopata ni onyo la mstari mmoja ambalo ni rahisi kulipita.

Kuhusu kuchagua kati ya `on-failure` na `always` kwa mstari wa `Restart=`, mwongozo wa systemd wenyewe unapendekeza ya kwanza kwa huduma zinazokaa muda mrefu. Hiyo huwasha upya huduma iliyotoka kwa kosa, iliyouawa kwa ishara kama SIGKILL (amri ya kufa papo hapo), au iliyopitiliza muda, lakini huiacha iliyojifunga kwa utaratibu. Ninauheshimu ushauri huo, ila kwa programu inayopokea malipo ninapendelea `always`, kwa sababu programu iliyojifunga kwa utaratibu usiku wa manane inamkosesha mteja huduma sawasawa na iliyoanguka. Usihofu kwamba utashindwa kuizima: `systemctl stop` huheshimiwa katika hali zote mbili.

Kabla ya kuandika lolote, hakikisha ni nani hasa anayeanguka. Nginx, programu inayopokea maombi ya wageni wa tovuti na kuyapeleka kwa programu iliyo nyuma yake, ina mchakato mkuu ambao wenyewe huzaa upya watenda kazi wake wakifa, kwa hiyo ni nadra nginx kuwa ndiyo iliyolala. Mgeni wa tovuti akiona kosa la 502, kwa kawaida nginx iko hai na inayemkosa ni programu iliyo nyuma yake. Mipangilio hii iwekwe huko nyuma kwanza. Tumia `sudo systemctl edit` pamoja na jina la huduma, ambayo huandika mabadiliko yako katika faili ya pembeni isiyofutwa kifurushi kinapoboreshwa. Ukihariri faili kwa mkono, fuatisha `systemctl daemon-reload` ili systemd isome upya faili hiyo.

Umeme ukikatika na seva ya ofisini ikazimika, `Restart` haihusiki. Kinachoirudisha huduma mashine inapowaka ni `systemctl enable`, na mambo haya mawili huchanganywa mno.

Baada ya hapo, fuatilia `systemctl show -p NRestarts` kwa huduma yako, inayoonyesha ni mara ngapi systemd imeiwasha tena. Katika seva ndogo ya RAM ya GB 1, programu inayovujisha kumbukumbu itauawa na kiini cha Linux kila baada ya muda, systemd itaiwasha, na wateja huenda wasilalamike kwa wiki nyingi. Nambari hiyo ikiendelea kupanda ilhali hakuna aliyegusa kitu, tafuta sababu katika kumbukumbu za huduma kwa `journalctl -u` badala ya kuongeza majaribio. Na programu iliyoganda bila kufa haihesabiki humo kabisa, kwa kuwa systemd huona mchakato ukiwa hai. Kwa hiyo kunahitajika `WatchdogSec` na programu iliyoandikwa kutuma ishara ya uhai mara kwa mara, au ukaguzi wa nje unaofungua ukurasa wenyewe.

Jaribu yote haya mchana, watu wakiwa ofisini. Iue huduma kwa `systemctl kill -s SIGKILL` uone kama inarudi, kisha zima hifadhidata kwa dakika moja, uiwashe, na usubiri bila kugusa chochote. Hatimaye izime hifadhidata hadi kikomo kifikiwe, uhakikishe kwamba ujumbe wa `OnFailure` umefika kwenye simu ya mtu aliye zamu.