Kampuni ya upepo ikibisha hodi shambani kwako

Kampuni ikija kuomba shamba kwa ajili ya umeme wa upepo, karatasi ya kwanza itahusu kupima tu. Husimamisha mnara wenye vipima upepo kwa mwaka mzima au zaidi, maana kusi na kaskazi havilingani. Kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu yake huwa mara nane, kwa hiyo hata tofauti ndogo ni pesa.

Karatasi hiyo ndiyo ya kuisoma kuliko zote. Tuliyoletewa kwenye shamba la familia, huku Newala, kusini mwa Tanzania, ilikuwa ya Kiingereza. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachoipa kampuni haki ya kulikodi shamba zima baadaye, kwa bei iliyokwisha kuandikwa, na muda wa kusubiri wangeweza kuuongeza kwa barua yao wenyewe. Kwa muda wote huo usingeweza kuuza wala kumkodisha mwingine. Tulidai nakala ya Kiswahili na muda wenye mwisho, wakakubali upesi. Kwamba bei ijadiliwe baada ya sisi kuoneshwa majibu ya vipimo, hilo lilichukua vikao. Msilegee hapo.

Kisha tembeeni nao shambani. Mnara mrefu hushikiliwa na nyaya zinazotawanyika mbali pande zote. Kwenye ramani ni vistari vyembamba. Kwetu waya mmoja ulikuwa upite kati ya safu mbili za mikorosho, hapo hapo anapopita kijana alfajiri na mashine ya salfa mgongoni. Tukawasogeza hadi kichakani, mpakani. Mikorosho itakayokatwa ihesabiwe mmoja mmoja na kupigwa picha, mtendaji wa kijiji na afisa ugani wakiwepo.

Mitambo yenyewe haili eneo kubwa: misingi ya zege, barabara, njia ya nyaya. Katikati yake korosho zinaendelea, na mkataba useme hivyo. Mradi hukaa miaka 20 hadi 25, na pango la shilingi zilezile litaliwa na kupanda kwa bei. Ombeni asilimia ya mauzo ya umeme pamoja na kiwango cha chini kinacholipwa hata mitambo ikisimama. Fedha za kuiondoa zitengwe benki mapema, kwani kampuni hufilisika.

Kubwa zaidi: kampuni ya kigeni haiwezi kumilikishwa ardhi ya kijiji moja kwa moja. Ulizeni waziwazi kama ardhi itahawilishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani itoke mikononi mwa kijiji iwe chini ya serikali kuu, kwa sababu ikihawilishwa, mradi ukiisha hairudi yenyewe kijijini.

Kenya, mradi wa Ziwa Turkana una mitambo 365, nayo ilikuwa imeshajengwa mahakama ilipoamua, Oktoba 2021, kwamba hati za ardhi yake zilitolewa bila kufuata utaratibu. Wananchi walikuwa wameshapigana kesi kwa miaka.

Kwetu Wamakonde shamba lina wajomba, lina mama wadogo na dada zetu, hata kama analilima mtu mmoja. Kikao cha ukoo kilitangulia, wote wakasaini muhtasari, ukapelekwa halmashauri ya kijiji, ndipo kampuni ikaitwa mezani.